Deraya ya Sandukuni: Ni ya Mreno au ya Nani?

SWALI: Assalaam aleikum, mwalimu. Baada ya babu yetu kufariki tulifungua sanduku lake la njumu hapa nyumbani Kibokoni, Mombasa, na chini ya kanzu na vitabu tukakuta nguo ya chuma iliyofumwa kwa pete ndogo ndogo, yenye mikono mifupi na iliyo wazi mbele kama kizibao. Sanduku lenyewe lilitoka Makadara, kwa mama yake babu. Nguo tumeipima kwa mizani ya samaki ikatoka kilo 8 na robo. Ami yangu anasema ni ya Mreno, ilitekwa siku Ngome ya Yesu ilipoanguka, na kwamba kwenye bizimu lake pameandikwa mwaka 1110. Anataka tuisugue kwa ndimu na majivu ing'ae, na kuna mtu anayetaka kuinunua aipeleke nje. Nimekutumia picha 11. Ni ya nani, na ni ya lini?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Poleni sana kwa msiba wa babu, Mungu amrehemu. Kabla ya neno lolote nakuomba umwambie ami aweke kando ndimu na majivu, hata kama itabidi umsomee barua hii yote. Sababu nitazieleza mbele. Jibu lenyewe ni hili: nguo mliyoikuta ilifumwa India, kwa maoni yangu katika karne ya 17 au ya 18, bizimu liliongezwa baadaye sana, na njia iliyoifikisha kwenu inaelekea kuanzia Makadara kuliko kwenye kuta za Ngome. Nitakuonyesha nilivyofika hapo, ili nawe uweze kuitazama kwa macho yako na kunipinga pale utakapoona nimekosea.

Kwanza tuipe jina lake. Kiswahili kina neno la nguo ya namna hii, nalo ni deraya, lililotokana na Kiarabu, na wapo wanaosema dirii. Kila aliyesoma Sura ya 34 ya Qur'ani, iitwayo Saba, anakumbuka kwamba Nabii Daudi alilainishiwa chuma, akaamrishwa atengeneze deraya pana na apime vizuri katika kuunganisha pete zake. Amri hiyo ya kupima ndiyo kazi yenyewe hasa, kwa sababu deraya haina nguvu nyingine isipokuwa ile ya pete kushikana. Kila pete hupitishwa ndani ya pete nne za jirani zake, na pete moja ikiachia, upanga au mkuki hupata mlango. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua deraya imetoka wapi haanzi kwa kutazama umbo la nguo, maana mikono mifupi na kifua kilicho wazi hupatikana katika nchi nyingi. Huanza kwa kutazama pete moja na kuuliza fundi aliifungaje.

Tazama picha yako ya tatu, uliyoipiga karibu na pindo, ambayo ndiyo bora kuliko zote. Safu ya juu ina pete ambazo hazina kiungo chochote, ni mduara mzima. Safu inayofuata ina pete zilizokatika mahali pamoja, ncha zake zikapandanishwa, zikabapazwa, zikatobolewa na kufungwa kwa ribiti, yaani kijisumari cha kuunganishia chuma. Kisha safu ya pete nzima inarudi, kisha ya ribiti, na hivyo hivyo mpaka chini. Pete nzima zilikatwa kutoka kwenye bamba la chuma kwa patasi ya duara. Pete za ribiti zilianza kama waya uliozungushwa kwenye fimbo, ukakatwa vipande, kisha kila kipande kikafuliwa juu ya fuawe peke yake. Fundi aliyepanga safu kwa zamu alijipunguzia nusu ya kazi ya ribiti bila kuipunguzia nguo nguvu yake. Na ukiziangalia ribiti zenyewe utaona kwamba ni za mviringo, ndogo kuliko punje ya uwele, na vichwa vyake vinatokeza pande zote mbili za pete, mbele na nyuma.

Hapo ndipo hoja ya Mreno inapoanza kulegea. Zamani sana, tangu enzi ya Warumi, mafundi wa Ulaya nao walipanga pete nzima na pete za ribiti kwa zamu, lakini desturi hiyo waliiacha karibu karne ya 14. Kufikia wakati Vasco da Gama anatia nanga mbele ya kisiwa chetu mwezi wa Aprili 1498, deraya za Ulaya zilikuwa za ribiti tupu, pete kwa pete, na ribiti yenyewe ilikatwa kwa umbo la kabari, ikatokeza upande mmoja na kubaki sawasawa na uso wa pete upande wa pili. Yako haina hata moja ya sifa hizo. Tena, Mreno aliyeijenga Ngome kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mtaliani Giovanni Battista Cairati, alikuwa mtu wa mabamba: kifua cha chuma chenye mgongo wa katikati ulioteremka mpaka kwenye ncha chini ya kitovu, na kichwani chapeo yenye ukingo na upanga kama wa jogoo. Neno chapeo lenyewe tulilichukua kwake. Kufikia miaka ya 1690 hata mabamba hayo askari wa miguu wa Ulaya walikuwa wameyaacha kwa sehemu kubwa, kwa kuwa risasi ilikuwa imeshayashinda na joto la nchi zetu lilikuwa adui mwingine.

Hata hivyo, kumtoa Mreno hakutoshi kumwingiza Mhindi. Waturuki na Waajemi nao walifuma kwa zamu, na ribiti zao ni za mviringo vilevile. Ukiwa na pindo tu mkononi ni lazima unyamaze. Kwa Waturuki kuna dalili moja ya kutafuta, nayo ni chapa ya ghala la silaha la Istanbul, lililokuwa ndani ya kanisa la kale la Hagia Irene, ambayo ilipigwa kwenye silaha nyingi sana zilizowekwa humo. Nimeitafuta katika picha zote 11 sikuiona. Kilichonipa jibu ni picha ya sita, uliyoipiga kifuani, na nakiri kwamba nilipoikuza niliinuka kitini. Pale kifuani pete nzima si tundu tupu: kila moja ina kijiti cha chuma kilichokatiza katikati, kutoka ukingo hadi ukingo, kikaigawa nafasi sehemu mbili, mfano wa dirisha lenye nondo moja. Kijiti hicho hakikuunganishwa baadaye, kilikatwa pamoja na pete kutoka kwenye bamba lile lile. Anayeijua herufi ya Kigiriki iitwayo theta atalitambua umbo hilo mara moja. Huo ni mtindo wa mafundi wa India, nao waliupenda kwa kifua na mgongo kwa sababu uliziba tundu ambalo ncha ya mshale ingepenya. Chukua kioo cha kukuzia uhesabu mwenyewe safu zenye kijiti. Naona zinaanzia mabegani na kukoma usawa wa mbavu za chini.

Sasa umri. Katika pindo kuna pete tano au sita zilizokatika, na picha ya tisa inaonyesha mojawapo kwa karibu. Mahali ilipovunjika chuma kimechanika kwa nyuzi, kama mti wa mnazi unavyochanika, hakikukatika laini. Nyuzi hizo ni mabaki ya taka za tanuru zilizonaswa ndani ya chuma cha kale na kuvutwa kwa urefu kila mhunzi alipokifua. Baada ya Henry Bessemer kusajili njia yake ya kutengeneza chuma cha pua kwa wingi mwaka 1856, waya wa viwandani ulienea duniani, na waya huo hauna nyuzi za namna hiyo. Kwa hiyo nguo yenu haitokani na waya wa kiwanda. Pia pete zimelika pale zinaposuguana, upande wa ndani, hasa kwapani na kwenye pindo la mikono, na ulaji wa namna hiyo hauji kwa kulala sandukuni. Ni alama ya miili iliyoivaa na kutembea nayo, pengine zaidi ya mwili mmoja.

Ili kufunga kipindi tunahitaji ndugu wa nguo hii ambao tarehe zao zinajulikana, na bahati nzuri wapo. Mwaka 1689 jeshi la Mughal, dola iliyotawala sehemu kubwa ya India, liliiteka ngome ya Adoni kusini mwa India, na Maharaja Anup Singh wa Bikaner akachukua sehemu kubwa ya silaha za humo na kuziweka katika ghala lake. Nyingi ziliandikwa kwa herufi za Kinagari zilizopigwa nukta nukta kwa ncha ya msumari, na baadhi zina mwaka 1748 wa kalenda ya Vikram, ambao ukiutoa 57 unabaki 1691. Silaha hizo zimetawanyika leo katika makumbusho mengi duniani, nazo zinatupa kigingi cha kufungia kamba. Deraya zenye kijiti ni za ukoo huo wa kazi, ndiyo maana naanzia karne ya 17. Siishii hapo kwa sababu mafundi wa India hawakuzima moto wao mwaka 1700, na katika Sindh na Punjab, kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi, deraya zilivaliwa vitani mpaka karne ya 19. Hata hivyo, zile za mwisho mwisho mara nyingi ni nyepesi, pete zake zimekutanishwa ncha kwa ncha bila ribiti, na wengine walichanganya chuma na shaba ili kufuma mapambo ya miraba. Yenu ni nguo ya kazi, haina pambo. Ndiyo maana nasema karne ya 17 au ya 18, na mtu atakayekutajia mwaka mmoja kamili kwa kutazama picha usimsikilize.

Hilo linatuleta kwenye bizimu na mwaka 1110, jambo ambalo najua ami yako analithamini, nami nimelitazama kwa muda mrefu kuliko jingine lolote. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Mwaka 1110 wa Hijria ulianza Julai 1698, na Ngome ilianguka mikononi mwa Waomani tarehe 13 Desemba 1698, baada ya kuzingirwa tangu Machi 1696. Lau kungekuwa na maandishi ya mwaka huo juu ya kifua cha deraya, lingekuwa jambo kubwa katika historia ya mji wetu. Lakini katika picha ya saba naona mistari mitatu ya wima na nukta moja, ambazo kwa tarakimu za Kiarabu husomeka 1110, hakuna neno la mwaka juu yake wala chini yake, na mistari hiyo imepita juu ya mikwaruzo ya zamani ya bamba, yaani mikwaruzo ilitangulia na mistari ikafuata. Ndani ya mistari shaba inang'aa manjano, ilhali uso wa bizimu umekuwa mweusi. Na bizimu lenyewe limekatwa kutoka kwenye bamba la shaba la manjano lenye unene ulio sawa kila mahali, likafungwa kwa skrubu mbili ambazo mizunguko yake inalingana kama ndugu mapacha. Hiyo ni kazi ya mashine, ya karne ya 19 au ya 20. Mtu fulani, kwa mapenzi tu, aliifanyia nguo ya wazee wake kifungo kipya baada ya kile cha zamani kupotea, na yeye au mwingine akaweka alama ambayo huenda ilikuwa hesabu ya vitu vya nyumbani. Viraka vya waya wa shaba nyekundu vilivyo chini ya kwapa la kulia huenda vikawa vya mkono huo huo.

Je, habari ya Ngome ni uongo basi? Sitasema hivyo, na usikubali mtu yeyote amwambie ami yako hivyo. Mahali kitu kilipotengenezwa na njia kiliyopita ni maswali mawili. Mreno wa Mombasa aliagizwa kutoka Goa, makao makuu ya Wareno huko India, meli zake zilitoka Goa, na frigeti Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome Oktoba 1697 na kuchimbuliwa na wapiga mbizi kati ya 1977 na 1980, iliundwa India. Waliokuwa ndani ya kuta wakati wa mzingiro walikuwa mchanganyiko, na kwa muda mwaka 1697, maradhi yalipokuwa yamewamaliza Wareno, aliyeishika Ngome kwa niaba yao alikuwa Bwana Daud wa Faza pamoja na watu wake. Deraya ya Kihindi ndani ya Ngome ya Mreno haingekuwa ajabu hata kidogo. Ninachosema ni kwamba nguo yenyewe haibebi ushahidi wa safari hiyo. Na kama atatokea wa kukwambia ilitolewa baharini, mkatalie moja kwa moja: chuma kilichokaa baharini miaka 300 hutoka kimefungwa ndani ya gamba gumu la chokaa na mchanga, na pete nyembamba kama hizi zingekuwa zimeyeyuka zikaacha tundu tu.

Nguo ina ushahidi wa safari nyingine, na umeutaja mwenyewe kama jambo la kupita. Umesema sanduku lilitoka Makadara, kwa mama yake babu. Makadara ni mtaa wa Wabulushi. Watawala wa Oman waliwatumia Wabulushi kama askari kwa vizazi, na Seyyid Said alipoichukua Mombasa kutoka kwa Wamazrui mwaka 1837, aliweka Ngomeni kikosi ambacho kiini chake kilikuwa wao. Wakakaa, wakaoa, wakajenga msikiti, wakawa wenyeji. Nchi yao ya asili, Baluchistan na pwani yake ya Makran, imepakana na Sindh, na majahazi ya Mandvi na ya bandari nyingine za Kutch, magharibi mwa India, yalikuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi kila mwaka. Deraya ya India kurithiwa na askari wa Makran au wa Sindh, ikavuka bahari chini ya sanduku lake kama heshima ya ukoo, ni njia fupi kuliko nyingine zote ninazoweza kuzifikiria. Kwa hiyo swali ambalo ningemuuliza mzee wa kwenu si "Mreno aliiachaje?" Ningeuliza mama yake babu alikuwa binti ya nani, baba yake alifanya kazi gani, na kama katika nyumba ya Makadara palikuwa na kitara, ngao ya ngozi au hati yoyote iliyokaa pamoja na nguo hiyo.

Sasa nirudi kwenye ndimu. Najua tumekulia katika nyumba ambazo sinia za shaba zilisuguliwa kwa ndimu, ukwaju na majivu mpaka mtu akajiona uso, na kwa sinia ni sawa. Kwa deraya ni maangamizi. Asidi ya ndimu hupenya ndani ya viungo vya ribiti ambako kitambaa hakifiki, ikabaki humo ikila chuma usiku na mchana, na majivu husugua ule weusi wa nje ambao ndio umeilinda nguo mpaka leo. Zaidi ya hayo, kung'arisha kungefuta ulaji wa pete, alama za fuawe na chembe za nyuzi, yaani kila kitu nilichokisoma hapa. Mafuta ya nazi nayo msiyapake, kwa kuwa huchacha na kuigeuza shaba ya viraka kuwa kijani. Ishikeni kwa glavu za pamba, maana jasho la mkono lina chumvi. Msiitundike kwenye msumari wala hanga, kwa sababu uzito wa kilo 8 utazivuta pete za mabegani zilizolika mpaka ziachie. Ilazeni tambarare juu ya kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vipakiti vile vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na vyombo vya umeme, na mvibadilishe mara kwa mara, hasa wakati wa masika. Hewa yetu ya bahari haina huruma na chuma.

Kuhusu mnunuzi, mambo ni mafupi. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kila kitu cha kuhamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kitu cha namna hiyo hakitolewi nchini bila kibali. Kwa njia ya Makadara niliyoieleza, deraya yenu ina kila dalili ya kuwa iliingia kabla ya mwaka huo. Mtu anayewaambia ataipitisha uwanja wa ndege ndani ya begi lake anawaingiza katika kosa, na bei anayoitaja ni ya mtu anayejua kwamba nyinyi hamjui mlicho nacho.

Nenda nayo Ngomeni, kwenye makumbusho, uombe kuonana na wahifadhi. Hawatawanyang'anya, na wana uzoefu wa chuma cha zamani ambao mtu binafsi hana. Kabla ya hapo nataka picha mbili zaidi kutoka kwako. Ya kwanza ni ya upande wa ndani wa kola, ambako naona kitambaa chekundu kilichoshonwa kwa uzi mnene: piga mshono kwa karibu, mwanga ukitoka ubavuni, na msiukate uzi hata kama umelegea. Ya pili ni ya kipande kidogo cha chuma kilicho chini ya bizimu, ambacho katika picha ya saba kimejificha nusu. Ukingoni mwake naona nukta nne au tano zilizopangana kwa mstari. Huenda ni kutu. Lakini ukizikuta zinaendelea chini ya shaba, acha skrubu kama zilivyo, uniandikie siku hiyo hiyo.